Oili ya Injini Inapokufa Kabla ya Siku Zake: Dalili, Sababu na Dawa Zilizomo Ndani

Mashine ya boti ikitoa oili nyeupe, au gari ikianza kuigeuza oili kuwa uji mweusi, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "oili feki". Feki zipo na zinatuumiza. Lakini mara nyingi kopo halina kosa lolote. Oili ilikuwa na dawa zake, dawa zikauliwa na kitu kilichoingia kutoka nje: maji, joto, masizi, mafuta ya kuendeshea, chumvi. Asiyekitafuta kile kilichoziua atamwaga oili leo, atie nyingine, na baada ya muda mfupi arudi palepale na pesa zimekwenda.

Katika lita moja ya oili ya injini, kiasi cha asilimia 75 hadi 90 ni mafuta ya msingi. Yaliyobaki ni viongezo vya kemikali: kisafishi, kitawanyishi cha masizi, kinga ya chuma kisilike, kinga ya oksijeni, kizuia kutu, kizuia povu, na kile kinachoishika oili isiwe nyepesi mno ikipata moto. Sehemu kubwa ya viongezo hivi duniani inatoka kwa kampuni nne: Lubrizol, Infineum, Chevron Oronite na Afton. Wenye viwanda vya oili hununua kwao mchanganyiko uliokwisha pimwa. Sisi Unguja na Pemba dawa hutufikia zikiwa ndani ya kopo, kwa hiyo kazi yetu ni kujua kila moja ilivyotengenezwa na inakufaje.

Karatasi na kifuniko cha sufuria

Kabla hujafungua nati yoyote, chomoa dipstiki injini ikiwa ya moto na udondoshe tone moja juu ya karatasi nyeupe inayofyonza. Karatasi ya kuchujia kahawa inafaa sana. Ya daftari haifai. Iweke juu ya mdomo wa glasi ili katikati isiguse kitu, uiache mpaka siku ya pili mahali pasipo na upepo.

Weusi ukiwa umetandaa sawasawa kutoka katikati hadi karibu na ukingo, kitawanyishi kingali hai, hata kama oili yenyewe ni nyeusi tititi. Dizeli ni kawaida yake kuigeuza oili nyeusi siku chache baada ya kuitia, na weusi peke yake si ugonjwa. Weusi ukijikusanya katikati kwa ukingo mkali, na nje yake likabaki duara la mafuta matupu, masizi yameanza kushikana. Duara la nje likiwa pana mno na limepauka, shuku dizeli imevuja kwenye oili. Anza na nozeli na pampu.

Kitawanyishi kinatengenezwa kwa kuunganisha polisobutileni, ambayo ni mkia mrefu unaopenda mafuta, na maleiki anhidridi, kisha kutiwa poliamini yenye naitrojeni. Kichwa chenye naitrojeni ndicho kinachoshika chembe ya masizi. Mkia unaining'iniza ndani ya oili isishikane na mwenzake. Kichwa kilichokwisha shika hakishiki tena. Ndiyo maana injini yenye nozeli mbovu huimaliza oili nzuri nusu ya muda wake.

Kipimo cha pili ni cha maji. Pasha kifuniko cha sufuria cha alumini mpaka tone la maji likianguka lichemke na kupotea papo hapo, halafu dondosha tone la oili. Likitulia na kutoa moshi mwembamba tu, hakuna maji ya kutia wasiwasi. Likilia na kurusha vitone, maji yamo, na hata sehemu moja katika elfu inatosha kulia. Vaa miwani, na jiko liwe mbali na petroli.

Oili nyeupe mfano wa tui

Tazama kwanza nyeupe iko wapi. Ikiwa ni utando chini ya kifuniko cha kujazia tu, na dipstiki inatoka safi, huo ni mvuke. Gari inayofanya safari fupi za mjini, Darajani na kurudi, haipati joto la kutosha kuufukuza unyevu, na hewa yetu wakati wa masika imejaa maji. Iendeshe safari ndefu moja, mathalani Mjini hadi Makunduchi, ufute kifuniko, halafu utazame tena. Utando usiporudi, usiguse kitu.

Ikiwa dipstiki yenyewe ni nyeupe, maji yanaingia kwa njia. Kwenye gari njia kubwa ni gasketi ya silinda hedi, na maji ya radieta yatakuwa yanapungua bila kuonekana yanakovuja. Kwenye boti zenye injini ya ndani kuna njia nyingine inayosahauliwa: kipoza cha oili, ambacho upande mmoja wa bomba hupita oili na upande wa pili maji ya bahari.

Mkokotoni nahodha mmoja alinipokea na dipstiki mkononi.

"Fundi, oili nimetia juzi tu, tazama ilivyo. Wameniuzia takataka."

"Nahodha, kipoza hiki kilifunguliwa lini?"

"Tangu niinunue boti hakijaguswa."

Tulipokitoa, tukaziba upande mmoja na kutia upepo wa pampu kikiwa ndani ya ndoo ya maji. Viputo vilitoka kwenye bomba moja tu, mahali ambapo shaba ilikuwa imelika na kubaki nyembamba, na kitundu chenyewe hakizidi ncha ya sindano. Injini ikizimwa, shinikizo la oili linashuka, maji yaliyobaki upande wa pili yanaingia taratibu usiku kucha. Nahodha akiwasha alfajiri, pampu inakoroga vyote pamoja.

Kama huna hakika ni maji ya bahari au ya radieta, kuna njia inayowezekana kwa msaada wa mwalimu wa kemia wa skuli. Tia oili hiyo kwenye chupa pamoja na maji ya betri yasiyo asidi, tikisa, acha maji yatue chini, uyanyonye kwa sirinji. Ongeza tone la asidi ya naitriki na tone la naitreti ya fedha. Mchirizi mzito mweupe ni kloraidi, yaani chumvi. Usitumie maji ya kisima, maana visima vingi vyetu vina chumvi yake. Fanya vilevile kwa oili mpya ya kopo lilelile upate cha kulinganisha.

Oili iliyoingia maji ya bahari haiokoleki. Usiichemshe ukairudisha, usiiachie itue ukamwaga maji ya chini. Maji yanavunja ile kinga ya kulika, kisafishi kinaganda na kuziba filta, na chumvi inabaki ndani ikitafuna beringi. Ziba njia, mwaga, tia oili ya bei ndogo ya daraja linalofaa, izungushe injini bila mzigo, mwaga tena na filta yake, ndipo utie oili ya kazi.

Pipa linalonuka mayai viza

Hii ni dalili ya ghala. Ukifungua pipa la oili mpya likanuka mayai viza, sogea nyuma. Kinga ya kulika iliyo maarufu zaidi, inayoitwa kwa kifupi ZDDP, hutengenezwa kwa kuipikisha alkoholi pamoja na fosforasi pentasalfaidi. Hutoka asidi yenye fosforasi na salfa, na gesi ya haidrojeni salfaidi. Asidi ile huunganishwa na oksaidi ya zinki na ndiyo dawa yenyewe. Ikikutana na maji kwa muda mrefu, au ikipashwa moto kupita kiasi, huanza kuachana na harufu ile ya gesi hurudi.

Gesi hiyo ni sumu kali, na hila yake ni kwamba ikizidi huipooza pua: unadhani harufu imekwisha, kumbe imeongezeka. Kwa sababu hiyo hiyo, namwomba kila kijana mwenye hamu ya kemia asijaribu kuitengeneza ZDDP nyumbani wala uani. Gesi hii inaua kweli.

Maji huingiaje kwenye pipa lililofungwa? Pipa limesimama nje, jua limelipasha, hewa ya ndani imetanuka na kutoka kidogo kwenye kizibo. Inanyesha, maji yanatuama juu, pipa linapoa na kuyavuta maji yale kupita nyuzi za kizibo. Siku nyingi za masika zinatosha kulijaza vikombe kadhaa. Liweke chini ya paa. Ikishindikana, lilaze ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kulia na kushoto, oili ivizibe kwa ndani.

Oili imekuwa nzito, inavutika

Hapa kuna wezi wawili, na karatasi inawatenganisha. Doa jeusi zito katikati ni masizi. Doa la kahawia lenye harufu ya kuungua na ukali wa asidi ni oksijeni iliyoila oili yenyewe.

Kanuni ambayo wahandisi huishika ni kwamba kila joto la oili likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuoza kwake huongezeka kiasi cha mara mbili. Radieta iliyoziba kwa chumvi na vumbi, feni iliyolegea mkanda, daladala iliyojazwa watu na magunia ikipanda kilima katika gia ndogo: zote ni joto. Tafuta joto kabla ya kulaumu oili.

Kinachopambana na oksijeni ni familia mbili hasa, amini na fenoli. Watu wa Pemba fenoli wanaijua kwa pua bila kujua jina lake. Mafuta yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, cha Wawi, Chake Chake, sehemu yake kubwa ni yujenoli, ambayo ni fenoli na ina uwezo wa kuzuia kitu kisichache. Nimeulizwa na vijana wa Pemba kama mafuta ya karafuu yanaweza kutiwa kwenye injini. Swali ni la akili, jibu ni hapana. Fenoli za oili, kama BHT, zimejengwa zikiwa na vikundi viwili vikubwa vya kaboni vinavyoikinga fenoli kulia na kushoto, ikisha kufanya kazi isiungane na jirani ikawa gundi. Yujenoli haina kinga hiyo ya kutosha, na kwenye joto la pistoni sehemu kubwa itapaa.

Majenereta yana ugonjwa wao hapa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa waya wa baharini, na jenereta ndogo za petroli zikageuzwa mtambo wa mchana na usiku. Vitabu vya nyingi kati ya hizo vinataka oili ibadilishwe kila saa 100. Kwa anayeiwasha kutwa kucha, saa 100 ni siku nne na kidogo. Wengi walikuwa wakihesabu kwa miezi. Hata leo kwenye hoteli za pwani nakuta jenereta isiyo na daftari la saa. Funga mita ya saa, au andika ukutani kwa chaki.

Beringi zimelika na rangi ya shaba inaonekana

Kata filta kuukuu, ufunue karatasi yake juani. Chembe zinazoshikwa na sumaku ni chuma cha ringi, silinda au kamshafti. Zinazong'aa njano au wekundu bila kushikwa na sumaku ni shaba ya beringi, na mara nyingi mwenye kosa ni asidi.

Salfa ya dizeli ikiungua huwa asidi, na oili ikioza huwa asidi pia. Anayeizima ni kisafishi. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilieleza: dawa hiyo ni chokaa. Kiwandani huchukua asidi ya salfoniki, chokaa iliyozimwa na methanoli ndani ya mafuta, kisha hupuliza kaboni dayoksaidi. Chokaa hugeuka kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya jiwe la matumbawe lililojenga Mji Mkongwe, ila katika chembe za nanomita chache, kila moja imevikwa sabuni yake isizame. Gesi ikizidi au maji yasipolingana, chembe hukua zikawa fuwele, bidhaa inakuwa na ukungu na haipiti kwenye chujio.

Akiba hii ya chokaa hupimwa kwa namba inayoitwa TBN. Oili mpya ya petroli huwa na kiasi cha 6 hadi 8, ya dizeli karibu na 10 au zaidi, na za meli zinazotumia mafuta mazito huanzia 20 na kupanda. Ikishuka hadi nusu ya ilivyokuwa, ni wakati wa kumwaga. Usiseme basi kubwa ndiyo bora. Ukiuziwa kwa bei ya chini oili iliyobaki ya meli yenye 40 ukaitia kwenye gari ndogo, chokaa yote ile ikiungua huacha majivu juu ya pistoni na valvu, na gari itaanza kugonga.

Ukikuta unga mweupe chini ya kopo jipya, usafishe kwa mafuta ya taa, ukaushe, uudondoshee ndimu. Ukitoa povu, ni chokaa iliyoanguka, na kopo hilo lirudishe dukani.

Povu kwenye dipstiki

Tazama kiwango kwanza. Oili iliyojazwa kupita alama hupigwa na kranki ikawa povu, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Kisha tazama bomba la kunyonyea la pampu, kama linavuta hewa. Kizuia povu chenyewe ni silikoni, na hutiwa kidogo mno, sehemu kadhaa katika milioni. Kuongeza nyingine hakusaidii: ikizidi, viputo vidogo hukaa ndani ya oili badala ya kupanda juu.

Klachi ya bodaboda inateleza baada ya kubadili oili

Pikipiki nyingi pleti zake za klachi zinaogelea katika oili ileile ya injini. Oili za gari za kubana mafuta zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Mwaga iliyopo, tia sahihi, endesha, mwaga tena mapema. Mara nyingi klachi inarudi bila kununua pleti mpya.

Mashine ya kupachika: plagi zinakufa kila wiki

Wavuvi, hili ni lenu. Mashine ya mipigo miwili inaichoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo kila dawa iliyomo inaungua pia. Oili ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji ina alama ya TC-W3, na imetengenezwa bila zinki wala kalsiamu ili isiache majivu. Akitia mtu oili ya gari kwa kuwa ni rahisi, zinki na chokaa vinakuwa majivu yanayojenga daraja kwenye ncha ya plagi. Majivu yakibaki na joto la kuwaka, petroli inashika moto kabla ya cheche, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka mkiwa nje ya mwamba.

Mashine nyingi zilizokwisha zoea kazi hutaka 50 kwa 1: dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili, dumu la lita 25 linataka nusu lita. Pima kwa chupa ya maji ya nusu lita iliyotiwa alama, si kwa macho. Ukizidisha, plagi inalowana na moshi unakuwa mwingi. Ukipunguza ili ubane matumizi, silinda inachanika, na silinda moja ni bei ya oili ya msimu mzima.

Chupa ndogo za "kuongeza nguvu"

Kila duka la spea lina rafu yake. Ushauri wangu ni kuziacha. Dawa zilizomo kwenye oili zinagombania uso uleule wa chuma: ukiongeza moja, unaiondosha nyingine iliyopimwa ikae pale. Mbaya zaidi ni zile zenye parafini yenye klorini. Kwenye mashine ya kuonesha dukani zinang'ara, lakini kwa joto na unyevu hutoa asidi ya haidrokloriki, na sisi chumvi tunayo ya kutosha bila kuinunua.

Kuhusu mafuta ya nazi, ambayo wazee wengine bado huyataja: huganda karibu na nyuzi 24, ndiyo maana asubuhi za kipupwe chupa yake haimimini. Kwenye injini, joto na maji huyavunja yakawa asidi za mafuta. Yabaki jikoni na kichwani.

Sampuli ya maabara

Vipimo vya nyumbani vikikinzana, peleka sampuli. Chukua mililita 100 injini ikiwa ya moto, katikati ya kumwaga, si tone la kwanza wala la mwisho, kwa chupa kavu. Andika saa ilizotembea. Omba zinki, fosforasi, kalsiamu, silikoni, shaba, maji na TBN. Kwa boti ongeza sodiamu na magnesiamu: katika maji ya bahari sodiamu ni karibu mara nane ya magnesiamu kwa uzito, na vikipanda pamoja kwa uwiano huo, rudi kwenye kipoza. Peleka pia chupa ya pili yenye oili mpya kutoka kopo lilelile, maana baadhi ya oili zina magnesiamu yake tangu kiwandani.